Macho ya Dada Yangu Pichani

Picha iliyotaka kumuua dada yangu niliituma mimi. Nianzie hapo, kwa sababu watu wa nyumbani kwangu wakisimulia habari hii wananikwepesha. Wanasema ni bahati mbaya, wanasema ndiyo dunia. Si dunia. Ni mimi, kwa mkono wangu, na nilikuwa nacheka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwanza ilikuwa imefunguliwa milango na kila kitu kinaingia tu. Viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni, nyama ya sangara inapanda ndege, sisi tunaachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki na nyama kidogo. Mimi nilikuwa nakaanga mapanki Kirumba, kwenye pipa nililokata katikati. Moshi wa kazi ile uliyala macho yangu, mpaka leo ni mekundu kama pilipili. Mjini hakuna aliyeniuliza. Mjini macho mekundu ni ya moshi, au ya pombe, au ya kulia. Kijijini kwa dada yangu, ng'ambo ya Busisi, yana maana nyingine, ya uchawi, na maana hiyo imezika wanawake wengi wazee. Kosa lao lilikuwa kupikia kinyesi cha ng'ombe kikavu kwa sababu kuni zimekwisha.

Mjukuu wangu wa kike nilimlea mwenyewe. Alimaliza kidato cha nne, na mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mniache nijivune. Alipata kazi studio ya picha mjini. Mwenye studio alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba, imetumika Ulaya ikachoka, ikaja kwetu kama makoti yao. Ndani yake mjukuu wangu aliweka programu ya kurekebisha picha. Aliipata kwenye sidii, kwa kijana aliyerudi kutoka masomoni.

Siku moja nilimpelekea chakula, akaniketisha mbele ya kile kioo. Kulikuwa na picha ya arusi ya mama mmoja aliyeachwa.

"Bibi, unamwona huyu bwana arusi?"

"Namwona. Ana shingo kama bata."

"Basi muage."

Akasogeza sogeza mkono, akabofya. Yule bwana akaanza kwenda kipande kipande. Bega likaondoka, kisha sikio, kisha ile shingo. Pale alipokuwa amesimama pakaota ukuta, na maua juu ya ukuta. Bibi arusi akabaki ameshika hewa, anatabasamu. Nilijikuta nimekamata ukingo wa meza.

"Umempeleka wapi?"

"Hayupo tu."

"Na huko aliko hajasikia kitu?"

"Bibi jamani! Ni picha."

"Na kitu hiki mmekinunua wapi?"

"Hakinunuliwi. Ni cha bure. Waliokitengeneza wamekiachia watu, kila anayetaka achukue, na anayeweza kukiboresha akiboreshe."

"Mtu aunde kitu cha namna hiyo, halafu akigawe? Anataka nini kwetu?"

"Hataki kitu, Bibi. Ndivyo walivyo."

Sikuamini. Mimi katika maisha yangu sijaona mtu anagawa kisu halafu haulizi kimekata nini. Lakini nilivyotoka pale nilikuwa nimevimba kichwa. Niliwaambia wauza mapanki wote kwamba mjukuu wangu anaweza kumwondoa mtu duniani bila kumgusa. Nilisema hivyo hivyo. Walicheka, na mimi nilicheka.

Sasa dada yangu. Alinizidi miaka sita, na ndiye aliyenibeba mgongoni. Aliolewa mke wa pili, hakujaliwa mtoto. Mke mwenzake alipofariki aliwalea wale watoto mpaka wakaoa. Mume naye alipokufa alimwachia nyumba na majaruba ya mpunga bondeni karibu na ziwa, yale ambayo hayakauki hata mvua ikichelewa. Mkubwa wa wale watoto alikuwa akimwita mama, akimpigia magoti kumsalimia, na kila mwaka akimuuliza kwa upole kama haoni lile bonde ni kubwa kwa mtu mmoja.

Huyo mkubwa alipata mtoto wa kiume baada ya mabinti wanne. Tukaitwa ubatizoni. Nilikwenda na mjukuu wangu akiwa na kamera ya studio, na mimi nikiwa na mdomo wangu. Tulipotoka kanisani masika yakatushukia, tukakimbilia kwa dada. Nyumba yake ilikuwa na dirisha moja, dogo kama mlango wa kuku. Humo gizani, huku tunasubiri wali, nilisimulia habari ya bwana arusi mwenye shingo ya bata. Nilieleza alivyoondolewa, bega, sikio, shingo. Watu walishangaa. Mkubwa akauliza, "Anaondoka kabisa, mama mdogo?" Nikamjibu, "Kabisa! Hata mama yake mzazi asingejua alikuwepo."

Kisha mjukuu wangu akatupanga. Dada akakaa katikati, mtoto mchanga mapajani. Flashi ilipopiga mara ya kwanza watu walishtuka kama radi imeingia ndani. Ya pili walikuwa wameshajua, wakainamisha macho. Dada yangu hakuinamisha. Hakuwahi kumkwepa mtu macho tangu azaliwe. Na mtoto mchanga, yeye anajua nini, alikodoa vilevile.

Wiki iliyofuata picha zilisafishwa. Nilipita studio kuzichukua, mjukuu wangu hayupo, ametumwa. Nikapewa bahasha. Mimi kitu cha karibu sikioni vizuri, naona rangi na vivuli, nikaona nguo ya dada, nikaona kitambaa cheupe cha mtoto, nikafurahi. Stendi nikakutana na jirani wa kijiji kile anawahi kivuko. Nikampa bahasha yote. "Wape," nikamwambia, "waone mtoto wetu anavyofanya kazi."

Jioni mjukuu wangu akarudi nyumbani anahema.

"Bibi, bahasha iko wapi?"

"Saa hizi imeshavuka maji."

Akakaa chini pale pale mlangoni, na viatu miguuni. "Kuna moja sikutaka itoke," akasema.

Akanieleza. Mwanga wa kamera ukimpiga mtu gizani, naye akiwa ameitazama kamera moja kwa moja, unaingia ndani ya jicho na kurudi umechukua rangi ya damu. Hutokea kwa watu wote, hata kwa Wazungu. Katika picha ile ulikuwa umerudi kwenye macho ya watu wawili tu. Dada yangu, na mtoto aliyempakata.

Kesho yake aliichukua negativu ya picha ile, yaani ule mkanda wa filamu ya kamera, akaiingiza kwenye kompyuta, akafungua ile programu ya bure. Nilisimama nyuma yake. Alilikuza jicho la dada mpaka likajaza kioo chote, likawa kama kaa la moto. Akalizima. Akalizima na la pili. Kisha akaenda kwa mtoto. Picha ikatoka safi, macho meusi manne yanatutazama. Nikaifunga ndani ya gazeti nikasema Jumapili nitaipeleka, nitawaambia ile ya kwanza ilikosewa, basi.

Ijumaa zikaja habari kwamba mtoto amefariki. Homa, siku tatu.

Kule Kigongo, upande wetu wa maji, kivuko kilikuwa kimezungukwa na magugu maji, yametanda kijani mpaka hujui maji yanaanzia wapi. Injini ilinguruma, ikazimwa, ikanguruma. Watu wa kivuko walikuwa wanayasukuma kwa miti mirefu, yanaachia kidogo, yanajifunga tena. Mwanamke mmoja wa upande ule alikuwa amekaa karibu yangu. Nilipomwambia nakwenda msiba gani akanitazama kidogo, akahamisha kikapu chake, akaenda kukaa kwingine.

Msibani nilimkuta dada amekaa kwenye mkeka peke yake. Mkeka ulikuwa wa watu sita. Watoto aliowapakata wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanapita mbele yake bila kusema shikamoo, na mama zao wanawaona na hawawagombezi.

"Inazunguka," dada akaniambia bila kugeuza kichwa. "Ile picha. Imeshalala nyumba nane."

Mimi ni mtu wa papo kwa papo. Nilisimama mbele ya wanaume, nikafungua gazeti langu. "Jamani, poleni. Lakini ile picha ilikosewa na mashine. Ya kweli ni hii. Tazameni macho yake, meusi kama yenu."

Wakaileta ile ya kwanza. Wakaziweka mbili juu ya kigoda. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanatwanga. Mzee mmoja ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo yalikuwa mekundu. Sasa ameyabadilisha."

"Hakuyabadilisha yeye! Ni mjukuu wangu, kwa kompyuta!"

Mama mmoja akainama, akaweka kidole juu ya kitambaa cheupe. "Na ya mtoto," akasema. "Tazameni. Mmeyazima na ya mtoto."

Yule mkubwa, baba wa marehemu, alikuja akifuta mikono. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Alizikusanya picha zote mbili, akazipangusa kwa shati lake, akazitia mfukoni. "Nitazitunza mimi, mama mdogo," akasema, na akanishukuru kwa kuja. Yule mtu alikuwa amefiwa kwelikweli. Nilitamani awe anaigiza, lakini machozi yalikuwa yake.

Nilimfuata dada nyumbani kwake nikimsihi tuondoke wote.

"Nikiondoka leo nimekiri," akasema.

"Ukibaki?"

Tulikuwa tumefika mlangoni. Komeo la ndani lilikuwa limeng'olewa. Hakuna kilichovunjwa, hakuna kilichoibiwa. Misumari minne ilikuwa imepangwa juu ya jiwe la kizingiti, imenyooshwa vizuri, kama kazi ya mtu aliyekuwa na nafasi. Dada akaiokota, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Tukafunga mlango kwa kamba ya katani.

Nilirudi Mwanza nikiwa sijui la kufanya. Mjukuu wangu ndiye aliyejua, au alidhani anajua. Alisema tukawapige picha wote. Nyumba ileile, giza lilelile, kamera ileile, watazame wote moja kwa moja bila kupepesa. Wakijiona wenyewe na macho mekundu wataelewa.

Jumapili baada ya ibada tulifanya hivyo. Katekista alitusaidia kuwaita. Tuliwaketisha watu kumi na mmoja, yule mkubwa akiwemo, yule mzee, yule mama wa kidole, katekista mwenyewe, na mimi. "Msiogope," mjukuu wangu akasema. "Mtazame hapa kwenye kioo." Flashi ikapiga. Hakuna aliyeshtuka safari hii. Walikuwa wanamtazama yeye.

Mashine ya kusafisha picha mjini ikaharibika siku hiyohiyo. Siku tisa tulingoja, na siku zote tisa dada alikuwa kule na kamba yake ya katani. Nilikaanga mapanki nikayaunguza. Kila mtu wa Busisi aliyepita nilimuuliza kama kuna msiba. Siku ya tano mmoja aliniambia, "Hakuna msiba bado," na hilo neno bado nikashindwa kulimeza.

Picha zikatoka. Watu tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa na macho ya moto. Mimi, katekista, mzee, mama wa kidole, na yule mkubwa, yeye kuliko wote, macho yake yanawaka kama taa za lori. Mjukuu wangu alinikumbatia mbele ya wateja.

Tulivuka mapema. Watu wakakusanyika uani kwa dada, mchana kweupe, na picha zikapita mkono kwa mkono. Halafu mtu akacheka.

"Hata wewe katekista!"

"Mimi tena? Tazama baba mkwe wako hapo, kama fisi!"

"Kumbe tumekaa na wachawi tisa hatujui!"

Kicheko kikazunguka ua mzima. Yule mama wa kidole alijiona akajifunika uso kwa kanga, mabega yanaruka. Nikamtafuta dada kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona amelegeza mikono. Nikasema moyoni, tumepona.

Yule mkubwa hakucheka. Aliitazama picha yake kwa muda mrefu, akaja nayo mpaka mbele yangu.

"Mama mdogo, siku ile ya ubatizo ulitueleza huyu binti anaweza kumwondoa mtu pichani. Bega, sikio, shingo."

"Nilisema, lakini..."

"Na macho ya mama aliyabadilisha. Mekundu yakawa meusi. Ulituletea mwenyewe."

"Ndiyo, lakini hii..."

"Anayeweza kuyafanya meusi atashindwa kuyafanya mekundu?"

Aliuliza kwa upole uleule wa kuulizia bonde. Kicheko kilikatika kama umemwagia maji jikoni. Angenitukana ningemrudishia. Lakini alikuwa ameniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nimeshalitoa mimi, kwa majivuno, tukingoja wali.

Mjukuu wangu akasema, "Subirini! Negativu haidanganyi, hii haijapita kwenye kompyuta!" Akatoa ule mkanda kwenye mkoba, akaunyanyua juu kwenye jua ili waone. Mtoto wa studio, ameona maelfu ya negativu, hakufikiri. Wale walikuwa hawajaona hata moja. Waliona watu wao wenyewe wadogo kama vidole, nyuso zimegeuka rangi ya maiti, nywele nyeupe, meno meusi, na mboni za macho zinang'aa rangi ya maji ya ziwa. Mama mmoja alipiga yowe. Mwingine akavuta watoto wake nyuma. Mzee akavua kofia, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagonga mti wa uzio.

Basi hapo dada aliingia ndani. Alitoka na sufuria moja na kanga mbili alizozifunga.

"Twende," akaniambia.

"Vitu vingine?"

"Nimesema twende."

Tulipita katikati yao. Walitupisha pande mbili, hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetuaga. Mjukuu wangu alikuwa analia, dada akamshika mkono akamwambia atazame njia asijikwae. Kivukoni tulingoja lori la pamba lipakiwe. Tulipofika katikati ya maji moshi ukainuka upande tuliotoka, mweusi, umesimama wima kwa kuwa hapakuwa na upepo.

"Bibi mkubwa..." mjukuu wangu akaanza.

"Wanachoma majani," dada akasema.

Masika yalikuwa hayajaisha, majani yamelowa, hakuna anayechoma majani wakati ule. Aliendelea kutazama Kigongo tunakokwenda. Hakugeuka.

Aliishi nami Kirumba, chumba cha nyuma. Hakuzoea. Alikuwa anaketi kitini akiuelekea mlango, na mtu akibisha hodi anasimama kwanza ndipo anaitikia. Mjukuu wangu aliacha ile kazi ya kurekebisha picha kwa miezi kadhaa, akawa anapokea wateja tu mezani. Nilimwambia kompyuta haina kosa. Akanijibu, "Najua, Bibi. Wala mimi sina. Lakini nikilikuza jicho la mtu naona yule mtoto." Baadaye aliirudia, na sasa ni fundi anayejulikana, lakini picha ya ndugu hakuigusa tena kwa muda mrefu.

Mpunga ulipovunwa, mchana mmoja nikasikia hodi. Dada akasimama. Alikuwa yule mkubwa, na gunia la mchele begani.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba," tukaitikia. Ungefanya nini? Nikampa kiti, nikampa maji. Alikunywa yote. Alituletea habari za mavuno, akasema bonde limezaa vizuri, akasema nyumba ilipata ajali ya moto ila wanapanga kuijenga. Huku anazungumza macho yake yalikuwa yanatembea. Yalikwenda kwenye mlango wa uani, yakarudi. Yakaenda kwenye dirisha la chumba cha nyuma.

"Mnalala wangapi hapa, mama mdogo?"

"Wengi," nikamwambia. "Na majirani hawalali."

Akatabasamu. Alipoondoka alipiga magoti mbele ya dada. "Tunakusubiri, mama. Pale ni kwako."

Dada alisikiliza hatua zake mpaka zikapotea. Nililikamata lile gunia masikio yake nikalikokota kuelekea nje, nia yangu nikalimwage ziwani.

"Acha hapo," dada akasema.

"Hujui kilichotiwa humo!"

"Jaruba nilililima mimi. Mbegu niliiotesha mimi, na kupandikiza nilipandikiza kabla ya ule ubatizo wenu, maji yananifika magotini. Pika."

"Dada..."

"Pika, mdogo wangu. Ni mchele wangu."

Nikapika. Chumvi ilinimwagikia. Mjukuu wangu alikuja kutoka kazini akanikuta napakua, nikamweleza kwa kunong'ona, akaketi kwenye kizingiti bila kuvua viatu. Dada akanawa. Akavuta sinia upande wake, akatuzuia kwa mkono wake wa kushoto, wote wawili, kama alivyokuwa akinizuia nikiwa mdogo nisiusogelee moto.

Alikula peke yake, tonge kwa tonge, bila haraka, mboga kidogo wali mwingi. Alipomaliza upande wake alisogea ukutani, akanyoosha miguu, akafumba macho. Tulimtazama kifua. Wauza samaki walipita barabarani wakipiga kelele, redio ya jirani ilisoma taarifa ya habari, ikaisha, ikapiga muziki. Wali ulipoa ukashikana. Jua lilitoka kwenye kizingiti likatambaa sakafuni, likafika kwenye miguu yake, likamfika magotini.

Ndipo akafumbua macho, akatutazama wote wawili moja kwa moja, akasukuma sinia kwetu.

"Haya," akasema. "Kuleni."